Wenye maktaba huria za Android, acheni kuficha kazi zenu kwenye seva za uchochoroni!

Wakuu, nimelala saa tisa usiku na hasira bado haijaisha.

Nina programu ya mauzo inayotumika kwenye duka la jumla Kariakoo. Mteja akilipa, risiti inatoka kwenye printa ndogo ya Bluetooth. Sehemu ya printa nilitumia maktaba huria moja (msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, ruksa kuutumia bure), na nakiri imeandikwa vizuri. Miaka miwili sijaona tatizo. Juzi nimenunua kompyuta mpya, nikavuta mradi kutoka Git ninakotunza msimbo, nikajenga programu: maktaba haipatikani. Narudi kwenye kompyuta ya zamani, inajenga bila neno!

Nimehangaika nayo mpaka nikaelewa. Mwenye maktaba aliiweka kwenye seva yake binafsi tu, na domeini imeisha muda hajailipia. Kompyuta ya zamani ilikuwa inakula kiporo cha kache, yaani nakala iliyohifadhiwa humo humo, maana Gradle (chombo kinachoshusha maktaba na kujenga programu) ikishashusha toleo mara moja hairudi kuliulizia. Maktaba ilishakufa kitambo, mimi sina habari.

Kibaya zaidi, kwenye orodha ya hifadhi za mradi wangu, seva ile niliiweka juu ya Maven Central, hifadhi kuu ya umma ya maktaba. Seva ikijibu kwamba kitu hakipo, Gradle inasogea kwenye hifadhi inayofuata. Isipojibu kabisa, inakwama hapohapo. Hata maktaba ambazo ziko Central zikagoma kushuka!

Nikasema sawa, msimbo upo, nijenge mwenyewe. Hakuna gradlew, ile skripti inayoshusha yenyewe toleo sahihi la Gradle. Toleo la Gradle halijaandikwa popote. Nafungua build.gradle, faili la maelekezo ya kujenga, nakuta plagini ya "maven", ile iliyoondolewa kwenye Gradle 7. Narudi Gradle 6, nayo haiwezi kukimbia juu ya Java 17, kwa hiyo nishushe na Java 11. Kila Gradle ni kama megabaiti 100, na bando nanunua mimi. Gradlew na faili wenzake wangewekwa kwenye Git, nisingebahatisha toleo la Gradle.

Na msiseme hatukuonywa. Februari 2021 kampuni ya JFrog walitangaza kufunga Bintray, huduma yao ya kupandishia maktaba, na JCenter, hifadhi yao ya umma iliyotumiwa sana na watu wa Android. Mei Bintray ikazimwa, JCenter ikaachwa ya kusoma tu, na Agosti 2024 maombi yake yakaanza kuelekezwa Maven Central. Aliyekuwa na maktaba yake JCenter peke yake aliwaacha watumiaji kwenye mataa. Baada ya somo lile, mtu anakwenda kufungua seva yake mwenyewe?

Ndiyo, Central ina masharti: uthibitishe jina la kundi (utambulisho wa mwenye maktaba), utie saini ya kidijitali ya GPG, uweke msimbo na javadoc (maelezo ya msimbo), leseni ionekane kwenye POM, faili la taarifa za maktaba. Mara ya kwanza utasumbuka. Lakini toleo likishapanda halifutwi wala halibadilishwi, hata wewe ukiacha kuandika programu kabisa. Huna domeini? Tumia io.github na jina lako la GitHub. Hulipi hata senti.

Kwa sasa nimechomoa AAR (faili la maktaba iliyokwisha kujengwa) kwenye kache ya kompyuta ya zamani nikaitia kwenye folda ya libs, duka lisisimame. Mwenye maktaba nimemwandikia, nimejitolea kumsaidia kuipandisha Central kwa jina lake. Siku ya nne leo, kimya. Kama kuna mdau humu ana maktaba watu wanaitegemea, naomba afute kache yake leo ajaribu kujenga upya mradi unaoitumia, aone kama inashuka.