Skype imekufa: simu za nje nihamie WhatsApp, Signal au Telegram?

DagaaMwaloni
Mwangaluka wakuu. Niko soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, nauza dagaa, na mzigo wangu mwingi unakwenda Goma, Kongo. Kwa miaka mingi wateja wa nje nilikuwa naongea nao kwa Skype. Tarehe 5 Mei 2025 ikafungwa, tukaelekezwa Teams, mimi sikwenda. Kinachoniuma ni kwamba niliingia wakati mwenye mali ni mwingine, nikaja kusikia imeuzwa, na majina ya wateja wangu yamo humo humo kama dagaa ndani ya gunia. Bei tunapatana kwenye simu. Jirani wa meza ya pili akijua nimemwachia mtu kwa ngapi, kesho mteja si wangu. Nichague ipi?

FundiMakoroboi
Mkuu, Skype imepita mikono mingi. 2005 eBay walilipa dola bilioni 2.6. 2009 wakauza sehemu kubwa kwa wawekezaji wakiongozwa na Silver Lake, na 2011 Microsoft wakainunua kwa dola bilioni 8.5. Mwanzoni mawasiliano yalikuwa yanapokezanwa na kompyuta za watumiaji wenyewe. 2012 kazi hiyo ikahamishiwa kwenye seva za Microsoft.

Lakini tusimbebeshe mnunuzi kila kitu. Nyaraka za siri za ujasusi wa Marekani alizovujisha Edward Snowden 2013 zilionyesha Skype imo tangu Februari 2011 kwenye PRISM, mpango wa Marekani wa kuchukua mawasiliano ya watu kutoka kampuni za mtandao, na Microsoft walitangaza kununua Mei mwaka huo. Kwa hiyo usiulize tu nani mwenye mali. Uliza kampuni inahifadhi nini juu yako, maana kilichohifadhiwa ndicho kinachoweza kuuzwa au kudaiwa na serikali.

WhatsApp ndiyo mfano mzuri. Facebook waliinunua 2014. Aprili 2016 ujumbe na simu zote zikaanza kufungwa kwa siri, yaani maneno yanageuzwa msimbo unaofunguliwa na simu mbili zinazoongea tu, mwenye kampuni mwenyewe hasikii. Hilo ni jema, nalisema wazi. Agosti mwaka huo huo wakatangaza kwamba namba za watumiaji zitapelekwa Facebook. Umoja wa Ulaya ukawatoza faini ya euro milioni 110 mwaka 2017, kwa sababu wakati wa kununua walisema kuunganisha akaunti za pande mbili hakuwezekani. Maneno yako yamefungwa, sawa, ila umempigia nani na saa ngapi, hiyo wanaweza kuijua.

BintiNansio
Kaka Fundi umesema kweli, ila wateja wangu wote wako WhatsApp. Nikiwaambia wapakue kingine wataenda duka la jirani.

Niongeze jambo moja. Mdogo wangu aliangusha simu ziwani, melini tunarudi Nansio. Akanunua nyingine, akarudisha laini, akaingia kwa akaunti yake ya Google, na mazungumzo ya WhatsApp ya miaka mitatu yakarudi yote, hadi picha za risiti. Yeye alishangilia. Mimi nilikaa nikiwaza: kumbe yalikuwa yamelala mahali pengine muda wote huo? Nakala ya Google haifungwi kwa siri hadi uwashe mwenyewe, kwenye mipangilio ya nakala za gumzo, uweke nywila. Iwasheni leo, na nywila msiisahau, hakuna wa kuwarudishia.

MvuviUkara
Telegram je? Kwetu visiwani wengi wanaipenda.

FundiMakoroboi
Simu zake zimefungwa vizuri. Tatizo ni maandishi: gumzo la kawaida linakaa kwenye seva zao bila kufuli ya aina hiyo, mpaka ufungue gumzo la siri, na makundi hayana kabisa. Orodha ya bei usiiweke kule.

Signal mimi ndiyo naiamini. Inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, ambayo Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, alisaidia kuianzisha kwa dola milioni 50 mwaka 2018 baada ya kuondoka Facebook. Mahakama ya Marekani ilipowadai taarifa za mtumiaji 2016, walichokuwa nacho ni siku aliyojiunga na siku ya mwisho kuunganishwa.

MwanachuoMalimbe
Mzee wangu DagaaMwaloni, kumbuka na wewe umeshika taarifa za watu. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kusimamia. Lile daftari la majina na namba za wateja usiliache wazi mezani.

DagaaMwaloni
Asanteni sana. Binti, nakala nimeshaifunga. Wateja wa rejareja nabaki nao WhatsApp, siwezi kuwahamisha. Wale wawili wa Goma nimewaomba waweke Signal, mmoja amekubali leo. Nilimpigia kwanza kwa laini ya kawaida tusomeane ile namba ya usalama ya Signal, inayoonyesha hakuna mtu aliyejiingiza katikati yetu, tarakimu 60, tano tano, kelele za wapakiaji zikitukatiza nikawa narudia. Zote zimelingana. Tukakata, nikampigia kwa Signal, ndipo nikamtajia bei ya gunia.