Nani aliwafundisha kufungia kila kitu ndani ya div?

Wakuu, leo nina hasira. Nimekabidhiwa tovuti iliyotengenezwa na mtu mwingine, nibadilishe rangi za vitufe na kurekebisha nafasi kati ya aya. Kazi ndogo, si ndiyo? Nafungua kodi (code, maandishi yanayounda ukurasa) nakuta div, yaani kisanduku cha kufungia vitu kisicho na maana yake chenyewe, ndani ya div ndani ya div, unashuka wee, mwisho kabisa unakuta neno moja: "Wasiliana". Zote hizo za nini?

Majina ya klasi (lebo za kuvipa vipengele mtindo) ndiyo yamenimaliza. Kuna klasi inaitwa nyekundu-kubwa, maandishi yake ni ya bluu, tena madogo. Kuna box, box2 na box2-mpya. Id ya "menyu" imerudiwarudiwa kwenye ukurasa uleule, wakati id ni ya kipengele kimoja tu. Ukiandika mtindo wako haushiki, jamaa kajaza !important, ile amri ya kulazimisha mtindo ushinde mingine, kila mahali.

Sikatai div. Ipo tangu HTML 3.2 (HTML ni lugha ya kuundia kurasa za wavuti) ya mwaka 1997, na ni halali kabisa kukusanyia vitu vya pamoja pale ambapo hakuna tagi (alama ya HTML) inayofaa zaidi. Lakini HTML5 ilipitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2014! Tagi zinazosema sehemu ni ya nini, header, nav, main, article, footer, zote zipo. (Na wewe unayegeuza kila div kuwa section ukadhani umepona, tulia. Section ni ya sehemu yenye mada yake.)

Sasa sikieni hili. Kitufe cha "Tuma" ni div yenye onclick, yaani amri ya kutekelezwa ikibonyezwa. Kwa kipanya kinakubali. Bonyeza Tab, kinarukwa. Asiyeona, anayetumia kisoma skrini, anasomewa "Tuma" kama neno la kawaida tu, haambiwi kwamba ni kitufe. Ukiweka button, tagi ya kitufe halisi, Tab na Enter zinafanya kazi zenyewe, hudaiwi kitu.

Na zile nafasi za ajabu kati ya aya? Jamaa kaweka div ndani ya p, tagi ya aya. HTML hairuhusu. Kivinjari kikikutana na hiyo div kinaifunga p papo hapo, mtindo wa aya unaishia njiani, na ile tagi ya kufungia iliyobaki chini inazaa p nyingine tupu. Halafu mteja anaambiwa eti kivinjari chake kibovu!

Mnaofanya kazi hivi mpo humu, nawajua kwa kodi zenu. Njooni mjitetee.