Tupeane uzoefu: maalim aliyekushughulikia mambo yako ya baada ya skuli

Mchambua Vikonyo
Assalaam alaykum wanajamvi. Za maalim waliotutandika fimbo tushazisimulia sana. Leo nataka za wale wakongwe waliokuwa wakijua mtoto akimaliza fomu foo anaelekea wapi, na wakahangaika naye mpaka akafika. Naanza mie.

Kwetu ni shamba, upande wa Wete. Mwaka wangu wa fomu foo mikarafuu ilizaa hasa, na Wapemba mnajua msimu ukipamba moto ndipo mtihani wa Novemba nao unabisha hodi. Mchana tuko juu ya mikarafuu, usiku tunachambua. Skuli nikawa nakwenda siku mbili kwa wiki.

Usiku mmoja akaja maalim wetu wa jiografia na baiskeli yake. Huyu alikwisha kumsomesha hata mama yangu. Nikajua leo nasemwa mbele ya baba. Wala. Alivua viatu, akakaa kwenye jamvi, akajivutia fungu la karafuu, akaanza kuchambua nasi, karafuu huku, vikonyo kule. Ilipita kama robo saa ndio akaniuliza, macho yake yako kwenye karafuu: "Mistari ya kontua ikikaribiana, pana nini hapo?" Nikamwambia mwinuko mkali. "Na ikiachana?" Tukaenda hivyo mpaka chemli ikaanza kufifia. Akaondoka na harufu ya karafuu mikononi.

Akarudi Alkhamis. Akarudi Jumatatu. Mwisho baba akaona haya, mtu mzima yule kumchambulia karafuu bure, akanitoa kwenye kuchuma siku za skuli. Nina hakika maalim alilipangia hilo tangu siku ya kwanza.

Alikuwa na daftari la jalada gumu, kila mwanafunzi na ukurasa wake: baba anafanya kazi gani, yupi jamaa wa mjini wa kumpokea, mtoto anataka kusomea nini. Halafu pembeni, kwa penseli, anaweza nini. Kwa wengi wetu hayo mawili ya mwisho hayakuwa yakilingana, na penseli ndiyo iliyokuwa ikisema kweli.

Haya, nanyi leteni.

Binti wa Mkoani
Mie nilipasi, nikapangiwa skuli ya dakhalia (ya bweni) Unguja. Baba akasema mtoto wa kike hapandi meli kwenda kulala ugenini, basi. Alikuwepo Bi mmoja akitusomesha bailojia, amebakisha miaka michache astaafu. Hakuja kubishana na baba. Alikuja alasiri, baba yuko baharini, na binti yake aliyekwisha kukaa dakhalia ile ile, akenda moja kwa moja kwa bibi yangu. Baba kwa mama yake hana kauli.

Yule dada akaeleza yote: mlango unafungwa saa ngapi, bi mlezi analala wapi, wanasali wapi. Bibi akasikiliza weee, halafu akauliza moja tu: "Maji yapo?" Akaambiwa yapo. "Basi aende."

Yule Bi akaniandikia na vitu vya kuchukua. Nakumbuka kufuli mbili, moja ya sanduku na moja ya akiba, kwa sababu ya kwanza itaibiwa. Na iliibiwa, wiki ya pili. Leo mie ni mkunga.

Fundi Kiyoyozi
Mnawasifu tu, na mie nitie chumvi kidogo. Wangu pia alikuwa mkongwe na alinipenda, lakini kwake mwenye akili ni PCB, yaani fizikia, kemia na bailojia, hakuna jengine. Fizikia ilikuwa hainiingii. Fomu siksi nikatoka na E ya kemia na S mbili, zile zisizohesabiwa kuwa pasi kamili. Chuo kikuu wanataka prinsipo mbili, ndizo pasi kamili, mie nina moja tena ya kuungaunga. Miaka miwili niko nyumbani nahesabu boriti.

Aliyenikwamua ni maalim mwengine, wala hakuwahi kunisomesha. Aliniona namtengenezea jirani friji, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa kufungua na kufunga. Akanipeleka mwenyewe kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji. Wallahi nilikuwa naona haya, fomu siksi mzima kukaa benchi moja na walioishia fomu tu, kidato cha pili. Haya yenyewe iliisha mwezi wa kwanza, nilipogundua wao wananishinda kuchomea mabomba ya shaba. Sasa hivi niko Nungwi, mahoteli yananipigia simu usiku wa manane. Yule wa PCB tukikutana bado ananiuliza lini nitarudia mtihani.

Mpemba wa Dar
Wangu alisema "someni", akatoka. Nakaa hapa nasoma zenu.

Chaki na Ubao
Naandika kwa upande wa pili, nasomesha mwaka wa 27 sasa, Kaskazini Unguja. Fundi, umesema kweli, na mie nimewahi kumsukuma mtoto kwenye mchepuo usio wake. Lakini kinachowaangusha wengi si mchepuo, ni jina. Nilikuwa na kijana cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, mtihani kasajiliwa Hamisi. Alifaulu vizuri, chuo akapata, akaomba mkopo. Makaratasi yakarudi, hayalingani. Akaanza kukimbilia viapo, foleni hapa, muhuri kule, na wenzake washaanza masomo. Herufi mbili tu!

Toka hapo, fomu tu wakiingia, kila mtoto analeta cheti chake na tunasoma herufi kwa herufi. Yatima namuuliza na cheti cha kifo cha mzazi, kwa upole, maana kwenye mkopo kitatakiwa na familia nyingi hawajawahi kukifuatilia. Bodi ya Mikopo tunayo wenyewe Zanzibar tangu 2011, na ile ya Tanzania ipo, lakini zote mbili hazimjui mtoto wako ila kwa makaratasi.

Jengine ni simu. Matokeo ya fomu siksi yakitoka, maombi ya vyuo yana muda wake na hayamsubiri mtu, na mtoto yuko shamba hana bando. Kwa hiyo nachukua namba ya jamaa yake yeyote mwenye simu ya maana. Msinicheke, nina namba za wajomba kuliko za ndugu zangu.

Mama wa Wawili
Shikamoo maalim. Wangu yuko fomu tu, cheti kina Nassor, skuli wanamwandika Nasoro. Nifanyeje?

Chaki na Ubao
Marahaba mwanangu. Kesho nenda kwa mwalimu mkuu na cheti chenyewe, si kivuli, kabla majina hayajapelekwa Baraza la Mitihani. Usiondoke mpaka umeona kwa macho yako imerekebishwa.

Jirani wa Baiskeli
Mchambua Vikonyo, huyo maalim wako kama ndiye ninayemdhania, nyumba yetu na yake zinatazamana. Amestaafu, watoto bado wanamfuata barazani. Daftari sasa ni la nne. Wiki iliyopita kanituma Chake nimletee la tano, akasisitiza liwe la mistari mipana, macho hayaoni. Nilimletea la mistari myembamba. Kalirudisha.