Mtangazaji wa Tanga kuambiwa "unaimba", hivi lafudhi ni kosa?

MjombaNgamiani:
Wadau salaam, kuna jambo linanikereketa naomba tulijadili. Nina binti wa dada yangu, kazaliwa Pangani kakulia hapahapa Tanga mjini, kasomea utangazaji na sasa yuko fildi kwenye redio moja huko Dar, jina silitaji. Wiki ilopita kanipigia simu analia, mjomba wameniambia sauti ninayo lakini naimba, nikisoma habari navuta maneno kama nipo barazani, nisome Kiswahili cha kawaida. Sasa mie nauliza hicho cha kawaida ni cha wapi? Mtoto dh yake ni dh, gh yake ni gh, thamani haiwi samani mdomoni mwake, kosa lake ni ule mpando na mshuko wa sauti ambao sie wote tunao kuanzia Pangani mpaka Duga. Na hapohapo redioni kuna kijana wa michezo anakunja ulimi kwenye r utadhani kazaliwa Marekani, yule haguswi, eti wa kisasa. Nimwambie abadilike au akaze?

Fundi_Mitambo:
Pole mkuu, ila mi nimekaa studio miaka mingi na kuna kitu kimoja umuulize kwanza, wanalalamikia lafudhi au mwendo? Maana buletini ikiwa dakika 5 ni dakika 5, msomaji akivuta kila neno habari ya mwisho inakatwa na mhariri anakuja juu. Hilo linarekebishika kabisa, anajipima na saa ya simu anasoma ukurasa mmoja mara tano sita, huku lafudhi yake anabaki nayo. Kama shida ni hiyo basi asilie, ni kazi tu. Lakini kama wanataka aongee kama mtu wa Sinza ya huko Dar hapo sikubaliani nao.

BintiMakorora:
Mimi naomba niseme kuhusu matangazo ya vifo kwasababu ndo bibi yangu anayasikiliza kila siku na redio kaiweka sikioni. Siku moja mtangazaji kasoma msiba uko Mngaro, yaani ng kama ya ngoma, bibi akauliza Mngaro ndo wapi, kumbe ni Mng'aro ya kule Lushoto na marehemu tulikuwa tunamjua, tulikuja kujua baada ya mazishi. Iliniuma sana hiyo. Hilo ndo kosa la matamshi kwangu mie, ile apostrofi si pambo. Mtu kuvuta sauti hajamkosesha mtu yeyote mazishi. Watangazaji wakiletewa jina la kijiji wasichokijua wapige simu waulize, hata huku Tanga redio zetu wenyewe zinakosea.

Mwl_Tarime:
Jamani watu wa Tanga mnisamehe, ila na nyie mnatuonea. Mimi nimezaliwa Tarime, kwetu l na r ni kitu kimoja, nimeletwa kufundisha huku na mara ya kwanza nimesimama darasani nikasema "tunaenda kupiga kula" darasa zima likacheka, na walimu wenzangu wakaendelea kuniita hivo mwaka mzima. Nakubali pale maana ilipotea, kura si kula na mahali si mahari, mtangazaji akichanganya hayo wakati wa uchaguzi msikilizaji ana haki ya kukasirika. Nilijifunza, nilikuwa nasoma gazeti kwa sauti kila jioni nimeweka alama nyekundu kwenye kila r. Lakini hata leo nikitamka vizuri kabisa bado mtu ananiambia "we wa bara" kwa mlio tu. Sasa huyo binti kafanyiwa Dar yaleyale tunayofanyiwa sisi hapa. Namuonea huruma kwa dhati maana najua inavouma.

Mzee_Raskazone:
Mwalimu umenena, na vijana tuwekane sawa kidogo. Hiki tunachokiita sanifu kilichaguliwa, hakikushuka. Mwaka 1928 Mombasa walikaa wakoloni na wamisheni wakachukua Kiunguja cha mjini kiwe msingi, Kimvita, yaani cha hapohapo Mombasa, kikaachwa pamoja na mashairi yake yote, 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha. Kamati ile kazi yake ilikuwa vitabu na kamusi, yaani maandishi, wimbo wa sauti haumo kwenye kamusi yoyote. Kwahiyo mhariri anayemwambia binti asome kawaida anatetea mazoea ya masikio yake. Na si huku tu, hata Uingereza BBC ilikuwa na lafudhi yake moja ya wasomi, 1941 wakati wa vita wakamweka Wilfred Pickles, mtu wa Halifax huko Yorkshire, asome habari kwa lafudhi ya kwao na wasikilizaji walilalamika, leo lafudhi za mikoani ziko tele kwenye redio zao. Sie huku jirani zetu wa Mombasa wanasema ndoo sie tunasema njoo na tunaelewana vizuri tu pale Horohoro.

MjombaNgamiani:
Ahsanteni wote, mzee shikamoo. Mwalimu nakuomba radhi kwa niaba ya wenzangu, kwakweli na mie nimeshawahi kucheka watu wa l na r, sikuwahi kuliona kwa upande huo. Nimempigia binti nikamuuliza swali la Fundi, kasema kweli buletini yake ya kwanza ilizidi dakika moja na nusu, hakuniambia mwanzo. Kwahiyo tumekubaliana apunguze kuvuta maneno lakini akiambiwa tena "unaimba" amuombe mhariri amuoneshe neno gani halikusikika. Mama yake kamwambia anirikodie asome kisha anitumie, kanitumia jana usiku, kasoma dakika 4 na sekunde 50 na bado ni mtu wa Pangani. BintiMakorora, nimemwambia na habari ya Mng'aro, kaiandika ukutani kwake.