RX-8 ya mkononi: mafundi wanapingana, nimsikilize nani?

Swali: Assalaam alaykum. Kuna Mazda RX-8 inauzwa Mwanakwerekwe. Fundi mmoja kasema injini hizi hazidumu, mwengine azisifu. Nifuate lipi?

Jibu: Waalaykumu salaam. Fundi huletewa mbovu tu, nzima hazioni. Mwenye gari naye, mwamba ngoma huivutia kwake. Ukiambiwa "injini ilikufa", uliza kama ilipimwa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini. Koili za kuleta cheche ya plagi zikichoka gari hukosa nguvu vilevile, na lawama huangukia injini.

Jibu: Kweli, kipimo kwanza. RX-8 haina pistoni, ina rota za pembe tatu zinazozunguka, basi tafuta geji ya injini za rota. Geji ya injini za pistoni huonesha namba moja kubwa tu, na kila rota ina vyumba 3. Injini ikiwa moto, kwa mizunguko 250 kwa dakika, kila chumba kisipungue kPa 680. Geji ikikosekana, ipashe moto, izime dakika 10, uiwashe tena. Ikisota sana bila kuwaka, shuku sili za ncha za rota, zinazozuia hewa isivuje.

Jibu: Na kula oili si ugonjwa, ndugu yangu: huchomwa makusudi kulainisha sili hizo. Muulize muuzaji huongeza oili kila baada ya muda gani. Akisema "haili hata tone", muage.