MREJESHO: Chapa za rangi tatu kwa lino moja zimekubali, kijani bado

Wakuu, habari zenu. Ni yule wa Moshi niliyelalamika kwamba rangi zinapishana nikichapa Impatiens kilimanjari, lile ua jekundu na njano la msituni Kilimanjaro, kwa kuchonga lino moja (bamba laini unalochonga picha, ukalipaka rangi na kugandamiza karatasi juu yake) hatua kwa hatua, rangi moja baada ya nyingine. Asanteni sana mliojibu.

Ushauri wenu wa kutengeneza kona ya mbao ya kushikilia lino ndio dawa. Nimegongelea vipande viwili juu ya ubao vikakutana pembeni. Lino inakaa humo haichezi, na karatasi nayo ina kona yake ya kadibodi. Nilianza na njano, nikachonga sehemu zitakazobaki njano, ndipo nikapaka nyekundu. Mkia wa ua, ule uliojikunja kama mkonga wa tembo, umetoka na ukingo safi kabisa. Aliyesema nichape karatasi nyingi kuliko ninazohitaji, kwa kuwa ukishachonga hakuna kurudi, ubarikiwe mkuu, maana kadhaa zimeharibika.

Kijani ndicho kimenitesa. Juu ya nyekundu kinageuka kahawia. Kuchanganya nyeupe kidogo ili kifunike kumesaidia nusunusu: kinafunika, ila majani yamepauka. Halafu baridi hii ya Julai, rangi ya mafuta haikauki upesi. Chapa zinaning'inia kwenye kamba jikoni na mama watoto ameanza kuuliza zitatoka lini.

Kwa atakayejaribu: mgongo wa kijiko cha mbao unatosha kusugulia karatasi, mashine si lazima.