Wakandarasi wa kukata miti Mombasa: mnatulipa kwa gogo, kisha mnakuja na lori kubeba mbao

Wadau, asalaam aleikum. Nafungua uzi huu na hasira zangu, na anayetaka kuniambia nitulie kwanza apite tu.

Mie ni mtu wa chini. Wanaojua kazi ya kukata miti majumbani washanielewa: mkwezi yuko juu na pawasoo, ule msumeno wa injini, mie niko chini na kamba. Yeye akikata tawi, uzito wote unanijia mie. Nishaizungusha kamba kwenye shina raundi mbili tatu ili ishike, naiachia kidogo kidogo, tawi linashuka bila kugusa paa, tangi la maji wala gari ya mwenye nyumba. Likifika chini nalikata vipande, naburuta, napakia, nafagia. Na wakati huo huo nafukuza watoto, mayaya na mabodaboda wanaotaka kupita chini ya mti kana kwamba matawi yana macho. Mkwezi akikosea kidogo huumia yeye. Mie nikikosea kidogo huumia yeye vilevile. Lakini ikifika jioni, pesa ya mkwezi ni pesa, na yangu ni "nitakutumia".

Sina tajiri mmoja. Napigiwa simu: leo Nyali, kesho Kizingo, siku nyingine Bamburi. Kusi ikianza kuvuma na mvua za masika zikilainisha ardhi, simu hazikatiki, kila mtu amekumbuka kwamba mti wake umeinamia ukuta wa jirani. Msimu ukipita ni kukaa. Ndiyo maana nilijifunza kupasua mbao. Nilinunua pawasoo kubwa ya mkono wa pili, bledi ndefu na fremu ya kupasulia, nikajifunza kunoa mnyororo wa kupasua, ambao meno yake hupigwa tupa karibu moja kwa moja, si kwa mshazari kama ule wa kukatia matawi. Mtu asikudanganye kwamba ni kazi ile ile. Kukata gogo kwa upana ni dakika. Kulipasua kwa urefu ni kupiga magoti kwenye vumbi, mashine inanguruma sikioni, petroli inaondoka kama maji.

Sasa hili lililonifanya niandike. Mkandarasi mmoja, simtaji jina, ana kadi za biashara na suruali safi, aliniita kwenye nyumba moja ya zamani huko Nyali. Mwembe mkubwa, wa kale, shina halikumbatiki na watu wawili. Mwenye nyumba anataka uondoke wote kwa sababu mizizi imeinua ukuta. Mkandarasi akaniambia, kaka, kazi hii pesa yake ndogo, sitaweza kukulipa siku zako kama kawaida, lakini gogo la chini lote ni lako, ulipasue hapo hapo, mbao ni zako. Nikakubali. Aliyeniambia hivyo alikuwa amesimama mbele ya mkwezi na mbele ya askari wa geti.

Waliowahi kushusha mwembe wanajua ni mti wa aina gani. Kwanza maji moto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani wako kila tawi, na tawi likifika chini wanajua wa kumuuma ni nani, maana mkwezi keshahamia tawi jingine. Halafu utomvu. Utomvu wa mwembe ukikupata kwenye ngozi unachoma na kutoa malengelenge, na glavu nilizopewa zilikuwa na vidole vitatu. Mikono yangu mpaka leo ina mabaka.

Tukamaliza kuuangusha. Gogo la mwembe haliwekwi. Ukiliacha hivi hivi na joto letu hili, linaingia ukungu wa buluu na bungua wanaanza kulitoboa, ukirudi baadaye unapasua unga. Kwa hiyo nikaanza mara moja. Petroli yangu, oili yangu, minyororo yangu. Na miti ya nyumba za zamani ni mitego: ndani ya shina nilikuta misumari na kipande cha waya wa kuanikia nguo ambacho mti ulishakimeza miaka mingi. Mnyororo mmoja uliisha palepale, cheche zikaruka. Mwengine nilikuwa naunoa kila baada ya ubao mmoja. Pawasoo hula mbao nyingi kuliko msumeno wa kiwandani, njia tatu za mnyororo zinakula karibu inchi nzima ikawa vumbi, kwa hiyo nilikata nene, za inchi mbili, zibaki za maana. Nikazipanga kivulini nyuma ya nyumba na vijiti katikati ili hewa ipite, nikazipaka vichwa rangi ya mafuta ya buluu iliyobaki kwenye debe la mwenye nyumba, kwa ruhusa yake, zisipasuke ncha. Mbao nzuri jamani. Mwembe ukiupata wa kale una michirizi ya kahawia na dhahabu ambayo fundi wa meza za hoteli akiiona ananyamaza.

Nikaenda kutafuta usafiri na karatasi, kwa sababu mbao huwezi kuzipakia tu ukavuka nazo mji. Mazao ya misitu yanataka kibali cha kusafirishia kutoka KFS, shirika la misitu la serikali, na ukishikwa barabarani huna, hasara ni yako. Niliporudi, kivuli kitupu. Askari wa geti ananiambia, "Si yule bosi wenu alikuja na lori? Alisema mmeelewana."

Nikampigia. Mara ya kwanza hakushika. Baadaye akashika, na maneno yake ni haya: gogo lilikuwa la mteja, mteja amempa yeye, mie nilikuwa kibarua na "tutaangaliana". Kibarua! Tulipoanza kazi nilikuwa mshirika, mbao zangu, kaka huku kaka kule. Mbao zilipotoka safi nikageuka kibarua. Haya basi, tukubaliane niwe kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua alipwe mwisho wa siku, kila siku. Yangu iko wapi? Achague moja: ama mbao zangu, ama mshahara wangu pamoja na petroli na minyororo. Hawezi kula pande zote mbili.

Na huu si mchezo wa mmoja. Nimeongea na watu wa chini wenzangu Likoni na Kongowea, kila mmoja ana yake. Mwenzetu mmoja aliangukiwa na gogo mguuni kwenye kazi ya kukata mkilifi, yaani mwarobaini. Kulipokucha aliambiwa yeye ni jua kali, anajitegemea, hospitali ajipeleke. Juzi yake huyo huyo alikuwa anapigiwa kelele kwa kuchelewa dakika kumi, aambiwe avae nini, ale saa ngapi. Anayejitegemea hupangiwa saa za kula na nani? Kuna sheria ya 2007 ya fidia ya majeraha kazini inayomtaka mwajiri awe na bima. Waulizeni hawa wenye kadi za biashara wawaonyeshe hiyo bima, muone watakavyoanza kutafuta simu mfukoni.

Wenye nyumba nanyi sina maneno matamu kwenu. Mnalipa mkandarasi pesa ya kukata na pesa ya "kuondoa taka", kisha taka yenyewe ni mti ambao fundi atautoa viti. Mkwaju wenu unaenda kuwa gogo la bucha. Mvinje unaenda kuwa nguzo. Mwembe ndio mitumbwi ya wavuvi wetu tangu zamani. Mmelipa mtu achukue mali yenu, sawa, mali ni yenu, toeni mtakavyo. Lakini mkimwona mtu amepiga magoti anapasua mbao uani kwenu mkadhani ni mapambo, halafu lori la mwengine linakuja kubeba, ulizeni swali moja tu kabla ya kufungua geti. Yule mama wa Nyali nilipomfuata alisema yeye hakumpa mkandarasi gogo lolote, alidhani ni langu kwa sababu aliniona mie nalipasua. Ameniandikia hivyo kwenye simu na ujumbe ninao.

Mtaniambia ningeandikishana. Na nani? Mtu anakupigia saa kumi na mbili asubuhi, uko kwenye foleni ya feri, anasema njoo haraka mkwezi ameshapanda. Utamwambia subiri nichapishe mkataba? Sasa hivi, kabla sijawasha mashine, namtumia mtu ujumbe: kazi gani, pesa ngapi, gogo ni la nani, jibu "ndiyo". Asiyejibu nageuza. Nimeshapoteza kazi mbili kwa hilo na sijali.

Huyu wangu namfikisha Mahakama ya Madai Madogo kwa ajili ya mbao zangu. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Nina ujumbe wa mwenye nyumba, nina askari wa geti, nina mkwezi ambaye naye hajamaliziwa pesa yake. Kama kuna mwengine humu aliyefanyiwa hivi na mtu mwenye lori la kijani na maneno matamu, anitumie ujumbe wa faragha tuongee.

Na mafundi seremala wa Changamwe, Magongo na Mtwapa, nawaomba. Mkiletewa mbao mbichi za mwembe, inchi mbili, ndefu, bei ya kutupa, tazameni vichwa. Vikiwa na rangi ya mafuta ya buluu iliyopakwa na brashi mbovu, hizo ni zangu. Msinunue. Piga picha, nitumie, na uniambie lori limeelekea wapi.